Udi Niliopika Peke Yangu

Jumatatu, 3 Februari
Leo tena nimepika udi uani kwa jirani, Bi Zuwena. Sufuria yake, seredani yake ya makaa, mwiko wake. Kwangu haupikwi. Mwanangu Salma anakaa eda ya mumewe, na aliye edani hajitii harufu. Hata chetezo cha kufukizia nimekificha juu ya kabati. Nimekoroga sukari mpaka mkono ukafa ganzi, nikatia unga wa udi, nikatia mawaridi. Nimenusa. Sijui. Pua hii imezeeka. Mwenye mkono wa udi ni Salma. Mie kazi yangu ilikuwa kupepea makaa tu.
Nimekoga na kubadili nguo ndipo nikaingia chumbani kwake. Hajala.

Jumatano, 5 Februari
Karatasi zimetoka, nnakwenda Dubai. Mie, ambaye hata Bara sijafika.
Safari ilikuwa ya Salma na mumewe. Kuna tajiri wa duka la manukato huko, Bwana Nassor. Alipelekewa udi wa Salma akaupenda, akasema waje na mwingine, akiridhika atauchukua kila msimu. Sasa mume yuko kaburini na mke hatoki. Tajiri hangoji, anataka mzigo kabla ya harusi za baada ya Idi.
Mashemeji zake Salma washasema: eda ikisha, watoto watatu wagawanywe, mmoja kwa huyu, mmoja kwa yule, maana mama yao hana kipato. Wagawanye mbaazi zao. Wajukuu zangu hawagawanywi na mie nnapumua.
Nimemuuliza Salma nikamwambie nini huyo tajiri. Kageukia ukutani. Tangu hitima hasemi ila "sijui" na "sawa". Namhurumia. Namkasirikia pia.

Ijumaa, 7 Februari
Uwanja wa ndege. Nafuatana na Zuhura, binti wa Bi Zuwena, anayekwenda Dubai kuchukua nguo za kuuza. Ndiye aliyenijazia karatasi. Mie skuli sikwenda. Herufi zangu za chuo cha Kurani, zinatoka kulia.
Ndege iliponyanyuka nilimshika Zuhura mkono mpaka akalia, "Bibi, mkono ni wangu, si wa kiti!" Watu wakacheka. Mie sikucheka. Nilitazama chini nikatafuta paa letu. Mabati yote mamoja.

Jumamosi, 8 Februari
Dubai. Majumba mpaka shingo inauma. Kila kitu kinang'aa na hapana wa kukuamkia. Nimempa salamu mtu kwenye lifti, kaitazama simu yake. Basi.
Nje jua, ndani baridi ya kuhifadhia samaki. Chakula kingi, hata kimoja sikijui. Alasiri nimesikia adhana, machozi yakanitoka. Hiyo ndiyo pekee niliyoijua.

Jumapili, 9 Februari
Dukani. Bwana Nassor kumbe Kiswahili anacho, mama yake mzaliwa wa Malindi ya Unguja, pale pale Mjini. Kanipa shikamoo. Roho ikanitua kidogo.
Akatia udi wangu kwenye chetezo. Moshi ukapanda. Wakaniletea chetezo mpaka chini ya buibui nijifukize, kama mgeni wa heshima. Nimekaa namtazama uso. Kafumba macho. Kafumbua.
"Bi Rukia, huu sio."
Kasema ule wa kwanza ulikuwa laini, huu una uchungu, na kuna kitu kimepita humu asichokijua. Nimemwambia kweli: mkono uliopika ule uko edani, huu nimepika mie. Kasema, "Mungu amrehemu." Kisha kasema biashara haina eda.
Nimerudi chumbani bila kusema na Zuhura. Nimeona haya.

Jumatatu, 10 Februari
Kaniita tena. Anataka nimuuzie namna ya kupika: vinavyoingia, kwa mpango gani. Atalipa mara moja, watu wake wapike huku huku. Sisi tusijishughulishe tena. Kasema kwa upole. Upole huo umeniuma kuliko matusi.
Nimempigia Salma. Nimemweleza yote. Kanijibu: "Uza, mama. Mie udi sitapika tena."
Sauti haina mtu ndani.

Jumanne, 11 Februari
Sikuuza.
Nimemwambia Bwana Nassor: mwanangu kazikiwa mume, mie simziki na mikono yake. Na aliyefiwa hasikilizwi siku anayosema hataki kitu tena. Akitoka edani atapika mwenyewe, utanusa, ukiukataa basi.
Kasema atanusa. Kununua hakuahidi. Huenda atakuwa keshampata mwengine.
Zuhura kanigombeza njia nzima. "Bibi, umekuja mpaka huku kusema hapana? Hapana ungeisemea Unguja!" Kweli asemayo. Naogopa. Watoto wakichukuliwa, aliyewatoa ni mie.

Alhamisi, 13 Februari
Nimefika nyumbani. Buibui limejaa moshi wa udi wangu uliofukizwa lile duka, nikalivua ukumbi wa nje, nikalitundika kambani uani, nipate kulifua. Nimekoga. Nimemwambia Salma sikuuza. Kanitazama. Kasema, "Sawa." Kafunga mlango.
Watoto wamenilalia miguuni wote watatu. Usingizi ukanichukua. Buibui sikulifua.

Ijumaa, 14 Februari
Asubuhi Salma katoka uani kuanua nguo za watoto. Mie nilikuwa jikoni, namwona dirishani. Kafika kwenye buibui langu, kasimama. Hakuligusa. Kasimama tu, shingo kainamisha, kama mtu anayeitwa kwa mbali. Nikataka kutoka kuomba radhi kwa harufu ile. Hakuningoja.
Kaja mlangoni.
"Mama, sukari umechelewa kuepua. Imeungua."
Nikasema ni kweli.
"Na umekorogea mwiko wa nini? Wa pilau?"
Wa pilau, wa Bi Zuwena. Katikisa kichwa.
"Pilau, mama! Mpaka Dubai!"
Karudi chumbani. Mlango hakuufunga.
Nimelifua buibui kwa maji matatu. Baada ya sala ya Ijumaa nimekwenda sokoni Darajani, nimenunua mwiko mpya, haujaona chungu. Nimeuweka juu ya kabati, pembeni ya chetezo. Vingoje pamoja.