Kwako Resty Taaka, Uliyeimba Nyuma ya Spika

Paa. Kisha paa tena, chuma juu ya kitu kisicho chuma. Mwaka mzima umetimia, Taaka wetu, tangu mlio huo utoke kwenye spika kubwa za uwanja wa Busia, alasiri ya siku ya soko, kabla jicho la mtu yeyote halijaona kitu. Watu elfu mbili walidhani ni ngoma. Mpiga ngoma mwenyewe alidhani ni mwangwi wa ngoma yake, akaongeza mwendo.

Halafu ukaita, "Wesonga!"

Nasi tukaitikia, "Tupo hapa!"

Tunaliandika hili mbele ya kila mtu kwa sababu kila mtu alikuwepo. Wimbo ule uliutunga wewe, na ulivyoutunga, mwimbishaji hutaja jina lolote, la kijiji au la mtu, na umati hujibu. Bulumbi! Tupo hapa. Merikit! Tupo hapa. Busitema! Tupo hapa. Siku hiyo majina mengi yalikuwa yameshatajwa. Jina la mdogo wako Wesonga lilipopita kwenye spika, yeye aliyekuwa mstari wa mbele alinyoosha mikono yote miwili, akageuka akicheza ili wasichana wamwone vizuri, akajibu kwa sauti kuliko wote. Alidhani unamsalimia. Ulikuwa unamwita aje akuokoe.

Ulizaliwa Bulumbi, mtoto wa kwanza wa Ajambo, ukaanza kuimba kabla hujaota meno ya pili. Kwaya ya kanisa ilikuficha safu ya nyuma kwa sababu ya ufupi wako, na bado waliokaa nje ya kanisa walikusikia wewe kwanza. Kutoka hapo ukachukuliwa na bendi ya Egau wa Merikit. Miaka minane uliimba nyuma ya mtu huyo mwenye kifua kipana, meno meupe na kichwa kisichoshika maneno.

Hilo la kichwa lilikuwa siri ya bendi. Kila ubeti uliutangulia kwa nusu pumzi, chini chini, naye akaudaka na kuupaza. Watu waliona mwanamume anaimba na wanawake wanamfuata, kumbe aliyekuwa akifuata ni yeye. Ndiyo maana aliwasimamisha waitikiaji nyuma ya spika, mahali pasipoonekana.

"Alituambia huku mbele jua litatuchoma," mwenzako Daphine alitusimulia juzi. "Na sisi wajinga tukasema asante. Eti tunakingwa jua."

Nyimbo ulizitunga ukimenya muhogo. Kisu kiligonga ukingo wa beseni, na kisu kikinyamaza tulijua umekwama kwenye neno, ole wake atakayekusemesha. Ulitembea na kipande cha tangawizi ndani ya sidiria, ukamkatia kila aliyekohoa, hata askari wa mpakani aliyekuwa ametoka kukufokea. Lakini asije mtu akasema ulikuwa njiwa. Mlevi mmoja alipomvuta Daphine gauni kule Malaba, ulimpasulia chupa kichwani, kisha ukaketi naye chini ukamfunga jeraha kwa kitambaa chako.

"Tulia, ng'ombe wewe," ulimwambia. "Ukitikisika nakuongeza nyingine."

Wesonga alipojifundisha kutunga mashairi, alikuletea daftari lake la kwanza kwa maringo kama aliyeleta mahari. Ulilisoma lote. "Vina unavyo, mdogo wangu," ukasema. "Pumzi ndiyo huna. Mtu atazimia kabla hajafika mwisho wa mstari." Alinuna wiki nzima. Leo familia imempa kalamu yeye, na amejitahidi kuacha nafasi za kupumua.

Siku moja, katika saluni ya mtaa wa Sofia, redio ilipiga wimbo wako nawe ukauimba pamoja nayo. Msusi akakupigapiga bega. "Dada, unaiga bendi ya Egau vizuri sana. Ungeenda ukajaribu, huenda wakakuchukua." Ulirudi ukatusimulia huku ukicheka, lakini muhogo wa jioni hiyo uliukatakata kama unaua nyoka.

Tunaamini uamuzi wako ulianzia hapo. Asubuhi ya onyesho ulimfuata Egau akiwa anajipaka mafuta, Daphine akisikia.

"Mara moja tu," ukamwambia. "Kabla ya wimbo sema umetungwa na Resty Taaka wa Bulumbi. Sitaki kingine kwako."

"Nyimbo ni ya mtu anaimba," Egau akajibu. "Hii watu yote nakuja kuona mimi."

"Basi leo uimbe mwenyewe."

Na ulifanya ulivyosema. Majina ya vijiji aliyataja bila shida, maana hayo hayahitaji kukumbuka. Ubeti wa tatu ulipofika, ukafunga mdomo. Egau akabaki ameachama kama kambare aliyetolewa kwenye tope. Uwanja ukacheka. Mtu mmoja kutoka upande wa Kenya akapaza sauti, "Buda amemeza kaseti!" na kicheko kikazidi. Magita yakaingia haraka kumfunikia aibu, naye akapita nyuma ya spika akitabasamu. Daphine alikuwa ameshuka kunywa maji. Egau akang'oa chuma cha kushikia maiki. Maiki yako ilikuwa mkononi mwako, imewashwa.

Lililofuata tumeshalisema. Tuongeze lililoonekana na mtu mmoja tu. Wesonga, kichwa kimejaa jina lake, aliruka jukwaani ili akukumbatie umati ukitazama. Akazunguka spika. Aliona chuma kikipanda mara ya tatu na kushuka kooni mwako. Aliona damu ikikutoka puani na mdomoni, na vidole vyako vikitafuta kitu hewani. Aliona Egau akifuta mikono kwenye suruali yake nyeupe, polepole, kama mtu aliyemaliza kula.

Wesonga alipiga yowe, na safari hii hakuna aliyeitikia. Uwanja ukaelewa. Watu walipanda jukwaa mpaka mbao zikavunjika, wakapasua spika kwa mawe, wakachoma ngoma, wakampiga mpiga gita ambaye hakuwa na kosa. Askari walimtoa Egau akiwa na sikio linalochuruzika damu. Wewe ulibebwa kwenye ubao wa jukwaa hilohilo. Kwa siku tatu hospitalini ulitutazama bila sauti, umemshika binti yako Akongo kidole. Asubuhi ya siku ya nne mshiko ukalegea.

Kwetu maiti hazikwi kimya. Lakini Daphine alipoanzisha wimbo wako kando ya kaburi, akitaja jina la Bulumbi, hakuna kinywa kilichofunguka. Watu wamejaa mpaka kwenye shamba la mtama, na kila mmoja anakumbuka alichojibu uwanjani. Daphine akataja tena. Kimya. Ulizikwa kwa sauti ya majembe, na aibu hiyo tunayo mpaka leo. Gari la bendi lilipotokea barabarani likiwa na shada la maua, Mjomba Paddy aliokota jiwe la kwanza. Halikubaki na kioo hata kimoja. Shada waliliokota watoto, wakawapa mbuzi.

Wapelelezi walipokuja kuuliza nani aliona, ilionekana kwamba uwanja mzima ulisikia na haukuona. Aliyeona akaulizwa. Wesonga akasema, "Sikuona kitu."

Alikuwa na sababu mbili. Ya kwanza aliitangaza kwa vijana wenzake kwa kujipiga kifua: alimtaka Egau awe wake, asiwe wa hakimu. Ya pili hakumwambia mtu. Angeulizwa mbele ya watu: "Dada yako alipokuita, wewe ulifanya nini?"

Basi Egau akapata dhamana akarudi kwao. Mwezi uliopita Wesonga alinoa panga kwa siku mbili, akaenda Merikit mchana kweupe. Alimkuta kwenye kivuli cha nyumba, karibu na mlango, akimenya karanga na mama yake mzee.

"Yoga," Egau akamsalimia kwa lugha ya kwao, bila kuinuka. "Wewe ndio Wesonga?"

"Ndiye mimi."

"Mimi nilisikia wewe hiyo siku. Watu yote ilijibu, lakini wewe ulishinda wote." Akatupa karanga mdomoni. "Sasa umefika. Umechelewa kidogo tu."

Panga lilishuka. Lilimpasua Egau bega mpaka mfupa ukaonekana, akaanguka juu ya ungo wa karanga. Pigo la pili, lililolenga shingo, lilikwama kwenye mwimo wa mlango. Kabla Wesonga hajalichomoa, ndugu zake Egau walikuwa wamefika na mipini ya majembe. Walimvunja meno mawili na ubavu, na wangemmaliza, ila yule mama mzee alijilaza juu yake, akapigwa mpini mmoja yeye mwenyewe.

"Imetosha," akawaambia wanawe. "Hii nyumba inabeba maiti moja, ya dada yake. Ya pili hapana."

Wesonga aliletwa nyumbani akiwa amelowa damu, yake na ya mwenzake. Mama Ajambo hakulia. Alichota maji, akaanza kumwosha.

"Ulikwenda kufanya nini?"

"Kumlipia dada kisasi."

"Taaka alikuomba damu lini?"

Wesonga akatema jino.

"Nakuuliza. Kwa yule mtu aliomba nini?"

"Jina lake litajwe."

"Sasa Egau akifa na wewe ukafungwa, nani atalitaja? Watamlilia Egau. Watapiga nyimbo za mwanangu kwenye matanga yake, waseme alikuwa fundi."

"Wataniuliza nilifanya nini aliponiita, Mama."

Ilikuwa mara ya kwanza kulitamka. Mama alikamua kitambaa, maji yakashuka mekundu, akakikamua tena ingawa hakikuwa na maji.

"Siku ile nilikuwa sokoni na nyanya zangu," akasema. "Spika zilifika mpaka kule. Nikasikia binti yangu anataja jina la mwanangu, na mimi nikajibu. Peke yangu, nyuma ya nyanya, nikicheka. Nilifurahi kwamba watoto wangu wanapendana."

Wesonga alilala na kichwa chake miguuni pa mama, mtu mzima mwenye ndevu, mpaka jua likatua.

Taaka, Egau hakufa, na kesi yako itasikilizwa Jumatatu. Nanyi mliokuwa uwanjani siku ile, kutoka Busia zote mbili, ya huku na ya ng'ambo ya mpaka, Malaba na Tororo, tunawaomba mje. Hatuwalaumu kwa mlichojibu. Tulijibu pamoja.

Wanaokubeba mioyoni ni mama yako Ajambo, binti yako Akongo, aliyeanza kuimba na kuwanyamazisha wakubwa wanaomwambia apunguze sauti, Mjomba Paddy, mwenzako Daphine, aliyeacha bendi na kukataa kurudi, na mdogo wako Wesonga. Miaka itaongezeka, na katika kila mwaka utakuwepo kwetu.

Jana tulikuja kupalilia kaburi lako. Tulipomaliza, Wesonga alisimama mbele ya mama, akavua kofia, akasema kwa sauti ambayo hata jirani alikuja uani kusikiliza:

"Mama, Jumatatu nitasimama pale mbele. Nitaanza na jina lake lote, kisha nyimbo zake mojamoja, nizitaje mpaka hakimu achoke kuandika. Nitasema nilichokiona nyuma ya spika. La panga la Merikit nitalisema pia, wakitaka kunifunga wanifunge. Na wakiniuliza nilifanya nini aliponiita, nitawaambia nilicheza. Sitapunguza neno, Mama. Nakuahidi."