Mguu Nimewaachia, Muze Nitakwenda

Moshi,
wiki ya pili ya Kwaresima

Mke wangu Mama Oliva,

Nakusalimu kwa upendo, na kabla hujasogea mbele nakuomba ukae. Kifua chako kinaendeleaje? Yule ndama mwekundu ameacha kuharisha? Mimi ni mzima kuanzia gotini kwenda juu. Oliva na mumewe wananitunza mpaka naona aibu, ila wananilisha ndizi asubuhi, mchana na jioni, na mtu aliyekulia ugali wa ulezi na samaki wetu wa migebuka hashibi kwa ndizi. Wanajisifu pia kwamba huku kuna baridi. Nimewaambia waje Ufipa mwezi wa saba ndipo tuzungumze.

Barua hii anaileta sista mmoja anayesafiri kuja Sumbawanga. Sikutaka kupiga simu, maana wewe ukipokea simu nyumba nzima inasikia na jirani ndiye anayejibu. Vaa miwani ujisomee mwenyewe.

Jambo la kwanza ni mguu. Daktari ni binti wa umri wa kitinda mimba wetu. Alinipa shikamoo yake vizuri, akavuta kiti, akasema, "Mzee, kile kipande cha chuma kimekaa humo muda mrefu mno. Sasa mfupa umeoza. Tukiuacha, uozo utapanda, na sidhani kama utamaliza mwaka." Nikamuuliza atakata wapi. Akaonyesha chini ya goti. Nikamwambia kata. Ni Alhamisi ijayo.

Najua kwenu watapiga kelele. Kaka yako Leonsi alikwisha kunipigia: "Shemeji, mtu hazikwi vipande vipande. Rudi nyumbani tukutafutie dawa." Mwambie nimemsikia na ninamheshimu, lakini dawa zake nimezipaka miaka na miaka na mguu ndio huu. Sitafuti mazishi mazuri. Natafuta kuishi, kwa sababu nina kazi ambayo sijaimaliza, na kazi hiyo ndiyo jambo la pili.

Ulinioa nikichechemea, maana wewe ndiye uliyenioa, tusidanganyane. Tangu hapo umesikia Matai nzima ikiniita Kamanda. Siku ya Mashujaa wananikalisha mbele, nami nawasimulia wanafunzi jinsi nilivyokuwa nikimkimbilia adui kule Uganda kombora likanipata. Nilisema hivyo mara ya kwanza wiki niliyorudi, mbele ya mama yangu, na uongo ulioambiwa mama mzazi ni mgumu kuurudisha. Baadaye nimelinda ghala la mahindi, nimejenga, tumelea watoto saba na kuzika wawili, nimeongoza jumuiya yetu kanisani, na uongo ule umezeeka pamoja nasi.

Ukweli ni huu. Sikuwa nakimbia. Nilikuwa nimelala kwenye handaki nililolichimba mwenyewe. Tulifika mahali alasiri, ng'ambo ya mto Kagera, sajini akaamuru tuchimbe, na udongo tuushindilie mbele yetu uwe ukuta. Mimi nilipangwa na Deusi, kijana wa Muze, kule chini bondeni. Homa ilikuwa imemkamata, nikamwambia apumzike, nitachimba peke yangu. Palikuwa na nyasi nyingi na udongo mbichi, kama huko kwetu msimu huu. Nilikuwa nimechoka sana, na mikono ikafanya inachokijua. Nikakata mabonge, nikageuza nyasi ndani na udongo juu, nikarundika ntumba. Ntumba safi, ya mviringo, kama hizo unazotengeneza wewe sasa hivi ili nyasi zioze na ulezi upate mbolea.

Deusi akainuka, akaitazama, akacheka. "Kaka, hapa tumekuja kupanda ulezi? Shindilia hiyo."

Nilijua amesema kweli, nikaona uvivu kubomoa. Nikamwambia itatosha.

Asubuhi kombora likaanguka mbele yetu. Wenzetu waliokuwa nyuma ya udongo ulioshindiliwa waliinuka na vumbi tu. Kwenye ntumba yangu vyuma vilipita kama kidole kwenye uji. Kimoja kikaingia mguuni mwangu. Kingine kilimpata Deusi kifuani, na hakusema neno tena.

Sasa unajua kwa nini sijawahi kukusaidia ntumba hata siku moja. Ulisema ni uvivu, majirani wakasema vita vimenifanya bwana mkubwa. Nilinunua plau na maksai, nikalima mahindi kwa matuta, ulezi nikakuachia wewe. Siwezi kuzigeuza zile nyasi, mke wangu. Nimejaribu ukiwa hupo, nikaliacha jembe pale pale.

Na unajua kwa nini kila mwaka mvua zikikaribia nashuka Muze wiki mbili. Nilikuwa nikikwambia naenda kununua mchele, na wewe ukaamini nina nyumba ndogo kule. Mwaka mmoja ulinifungia nguo zote kwenye gunia ukaniambia nihamie moja kwa moja. Nyumba yenyewe ni ya mama yake Deusi. Nilimlimia mpaka alipofariki, na alifariki akinibariki. Sasa namlimia Fides, dada yake Deusi. Kila nikifika ananichinjia kuku na kusema Mungu alimchukua kaka mmoja akamletea mwingine. Nakula na kushukuru, halafu naingia shambani nalia.

Nilipanga kufa nalo jambo hili. Lakini daktari aliposema sitamaliza mwaka, niliogopa, na si kaburi nililoliogopa. Niliona Fides akipanda kutoka bondeni kuja kunililia kama kaka yake, bila kujua anamlilia nani. Ndiyo maana nimesema kata. Wanasema kidonda kikipona nitapewa mguu wa bandia. Nitajifunza kuutembelea kwenye korido hizi, nikianguka nitainuka, na kabla ya mvua nyingine nitasimama mlangoni kwa Fides nimwambie yote. Huenda akanifukuza. Ana haki hiyo, na nitaondoka.

Usimwambie kabla yangu. Ila nisipoamka Alhamisi, nenda wewe na barua hii, msomee bila kuruka mstari. Na kama una hasira nami, na najua unazo, ziweke, nitakuja kuzipokea hapo nyumbani. Siwezi kukuomba msamaha wa miaka zaidi ya arobaini kwa karatasi.

Nisalimie dada yangu Paskalina na wateja wake wa migebuka, kaka yako Leonsi na dawa zake, na katekista wetu, mwambie aniweke kwenye sala za Alhamisi. Mwanetu Festo asiache plau kwenye mvua. Wajukuu wabusu wote, hata yule mtundu.

Fides naye atapiga simu kuulizia hali yangu, hakosi wiki. Mwambie nakuja, na kwamba safari hii siji kulima.

Ni mimi mumeo,
Kasiano, Baba Oliva