Harusi ya Mama Katika Kanisa la Ufukweni

Mdogo wangu mpendwa,

Huku hatujambo. Paka amezaa tena, safari hii ndani ya kabati la mama.

Kanisa letu la ufukweni limetimiza miaka mia. Kwenye ibada ya shukrani, mchungaji alitusimulia lilivyoanza kama ghala la samaki, na wazee wetu walivyosomba mawe kwa mitumbwi ili walipanue. Akakumbusha mwaka wa mafuriko, maji yalipofika madhabahuni, baba na mama wakafunga ndoa huku wameshika viatu mkononi. Watu walicheka, mama kuwapita wote.

Kisha akatangaza ndoa ya mama na fundi mwashi, yule aliyefiwa na mkewe, aliyejenga upya ukuta wa upande wa maji. Najua ni habari hii iliyokufanya usipokee simu zetu. Nilimuuliza mama kama haogopi maneno ya watu.

"Mwanangu," alisema, "baba yenu nilimzika. Sikujizika naye."

Walioana Jumamosi, sakafu kavu kabisa. Pete ilimponyoka fundi, ikabingirika chini ya mabenchi, na mchungaji mwenyewe akapiga magoti kuitafuta. Mama alicheka mpaka machozi.

Jana fundi alikula kwetu mara ya kwanza tangu harusi. Nilimkaribisha kwenye kiti cha baba, naye akavuta kigoda.

"Hicho ni cha kijana," alisema. "Siku akija, asikute nimekikalia."

Mama aligeuka kufuta macho. Njoo, mdogo wangu.

Ni mimi, dada yako.