Barafu Niliyoigandisha Mara Mbili

Bi Viorica, naiandikia safu yako ya ushauri kutoka maabara moja mjini Măgurele, naomba uniambie la kufanya maana usingizi umenikimbia. Kazi yangu ni kutengeneza utando wa kupimia sukari ya damu, tunachanganya na maji kimeng'enya, ile protini inayoitambua sukari, tunayagandisha papo hapo kwa naitrojeni ya kimiminika, kisha leza inaipiga barafu ile mahali pasipo hewa, maji yanapotea na kimeng'enya kinatua juu ya kioo kikiwa hai, na miaka tisa sasa bado nikitazama nasahau hata kupumua.

Basi sikukuu ya mtakatifu wa jina langu niliacha barafu mezani nikaenda kuwakatia wenzangu keki, kwani mwenye siku ndiye anayelisha, wakanishikilia kwa maneno, "Uishi miaka mingi, Filofteia! Mbona vipande vyembamba hivi, umevikata kwa leza?" tukacheka, kurudi nikakuta imeyeyuka, kwa aibu nikaigandisha tena polepole kwenye friji ya kawaida, nikaipiga leza kutengeneza utando kama kawaida, na sikuandika popote yaliyotokea. Bi Viorica, utando ule haukufa! Tando nyingine hufa wiki ya kwanza, huu wiki ya kumi na moja unasoma tone la damu kama siku ya kwanza, nikiuona nalia. Sasa mkuu wetu, Profesa Negoiță, kampa msaidizi wangu Lavinia aurudie kwa kufuata daftari langu, kajaribu mara kumi na nne bila mafanikio, na juzi profesa kamwambia mbele yetu, "Mikono yako ni ya kukandia unga," nami nikanyamaza. Lavinia anaacha kazi mwisho wa mwezi. Nikisema, nitaonekana mzembe. Nifanyeje?

Mpendwa Filofteia (majina yote ya barua yako nimeyabadilisha),

Kwanza niache nishangae. Mimi hujichoma kidole kila asubuhi kupima sukari, na sikujua kwamba kuna watu wanaotaka kuweka kwenye kile kijiti kitu kilichopigwa na leza kikatua kizima. Mungu wangu! Nimeisoma barua yako mara tatu.

Pole kwa hofu, lakini acha kujihurumia. Barafu kuyeyuka ni bahati mbaya iliyogeuka njema. Kumwacha binti wa watu atukanwe kwa sababu ya daftari lako, hiyo si bahati, hiyo ni wewe. Na utando usiojulikana ulivyotengenezwa hautatufikia sisi wagonjwa kamwe.

Ukimaliza kusoma hapa, usimalize kahawa. Nenda kwa Lavinia, mwambie usoni, mwombe radhi. Kisha fungua daftari uandike yote, keki na friji, bila kuremba. Muingie pamoja kwa profesa. Utando unaofuata autengeneze Lavinia kwa mikono yake mwenyewe, profesa akitazama. Wewe simama nyuma.