Ndoo Yako ya Masale

Mpendwa Baba Zuhura,

Ungekuwa hai, habari hii ningekukimbilia nayo hata kabla ya kuvua viatu: treni yako inaongezewa njia. Ile kampuni binafsi iliyorudisha treni ya abiria kwenda Arusha inataka reli ya pili sambamba na ya zamani, safari nyingi zaidi, mwendo wa kasi, na uzio wa waya pande zote mbili tangu stesheni mpaka nje ya mji. Na mwenyekiti wa kamati ya kuwapinga ni mkeo.

Nakuona unavyosugua kidevu. Nisikilize kwanza. Nakuandikia hadharani ili na majirani wasome, maana maneno yamekuwa mengi hapa mtaani kwetu Soweto, na mengine yametoka kwa dada yako. Wifi yangu Saumu alinisimamia mlangoni wiki ile ya kwanza, mkono kiunoni, akasema, "Mume wako amekufa akiipenda treni. Leo unamzibia njia. Ungemwambia akiwa hai, tukusikie!"

Nilirudi kwenye mashine yangu ya kusaga nafaka. Ilikuwa inasaga na wateja walikuwa kwenye foleni. Lakini usiku sikulala vizuri, kwa sababu alichosema kuhusu wewe ni kweli.

Ulizaliwa jirani na reli, baba yako akiwa fundi wa njia. Mimi niliyelelewa Mwika kwenye migomba na kahawa, treni nilikuwa nikiisikia kwa mbali tu, asubuhi za baridi, kama ng'ombe wa jirani. Wewe ulinifundisha kuisikiliza. Ulikuwa ukiweka kiganja kwenye chuma cha reli na kuniambia, "Iko mbali bado, Mama Zuhura, vuka." Safari za abiria zilipokoma, miaka yote ile reli imeota majani, uliendelea kuangalia kushoto na kulia kabla ya kuvuka. Nikakucheka. "Unaangalia nini na hakuna kitu?" Ukasema, "Adabu."

Halafu zikarudi. Siku ya safari yetu ya kwanza ulivaa koti lile la harusi ya Zuhura, jua linawaka, nami nimebeba chupa ya chai na ndizi za kuchoma kana kwamba tunakwenda Mwanza. Tulipopita nyuma ya nyumba yetu ulisimama, ukagonga kioo, ukawaonyesha abiria wote: "Hapo! Hapo ndipo kwangu! Yale masale mnayaona? Ni ya kwangu!" Yule mama wa kiti cha mbele akakuuliza kama unauza kiwanja. Nilicheka mpaka chai ikamwagika. Wewe ulikuwa unalia, na ulidhani sikuona.

Kuhusu hayo masale lazima niseme, kwa sababu ndipo mambo yalipoharibikia.

Wasomaji wengine hawajui, kwa hiyo niwaeleze. Kule mlimani kwetu isale ni mmea wa majani marefu tunaoupanda kwenye mipaka ya kihamba, yaani shamba la ukoo. Pia ni mmea wa msamaha. Ukimkosea mtu, unachukua jani moja la isale, unalifunga fundo, unampelekea. Akiletewa isale hawezi kukataa. Hata kama amekasirika kiasi gani, lazima apokee na kinyongo kiishe. Mtoto wa mlimani anajua hilo kabla hajajua kusoma.

Wewe hukujua, mtoto wa mjini. Ulimwazima rafiki yako mota ya mashine yangu ya kusaga bila kuniuliza, akaifunga kwenye msumeno wa mbao, ikaungua. Mota ile niliipata kwa kuuza pumba na mashudu gunia kwa gunia, mgongo unauma. Sikugombana. Nilifunga nguo nikapanda zangu Mwika kwa mama. Mtu fulani, na mpaka leo sijui ni nani, akakuambia dawa ya mke wa Kichagga ni isale. Hakukuambia kwamba jani moja linatosha.

Nilikuwa nakata majani ya ng'ombe nilipokuona unapandisha kilima, suruali imejaa matope hadi magotini, umebeba ndoo. Ndani ya ndoo mna mche mzima wa isale na mizizi yake na udongo wake. Ulikuwa umetoka nao bondeni kwa mguu kwa sababu kondakta alikataa kupakia ndoo ya udongo.

Mama alikutazama, akaitazama ndoo, akakaa chini kwenye kinu kilicholala. Alicheka akajifuta machozi kwa ncha ya kanga. "Mkwe wangu," alisema, "mtu anayeleta mche mzima ana makosa mengi sana, au ana mapenzi mengi sana. Wewe ni yupi?"

Ukajibu, "Vyote, Mama. Naomba maji."

Alikupa mtori. Kesho yake tulishuka pamoja na ndoo yako. Tulipopata kiwanja hiki kando ya reli, ukaupanda mche ule kwenye mpaka wa nyuma. Watu wa mjini wakakucheka kwamba mpaka ni jiwe la serikali, si majani. Mwaka baada ya mwaka tulikata vikonyo tukavichomeka ardhini, mpaka ikawa ua mzima, na katikati ya ua tukaacha mlango mdogo. Mlango huo ndio kivuko.

Pale ndipo mashine yangu ilipopatia uhai. Wafugaji wa ng'ambo huja na debe la mahindi, huondoka na pumba. Watoto huvuka kwenda shule. Wewe ulivuka kila alasiri kwenda kuswali, na ukirudi ulisimama pale na kiganja chako kwenye reli, ukiwavusha akina mama wenye mizigo kichwani. "Ngojeni, mgeni anapita." Treni uliiita mgeni. Ikishapita: "Haya, karibuni, njia ni yenu."

Sasa sikiliza ramani yao. Uzio unakuja, kivuko kinafungwa. Tunapewa daraja la waenda kwa miguu kule karibu na stesheni. Kwenye mkutano yule injinia wao alionyesha kwa kijiti ukutani, akasema daraja liko jirani. Unanijua. Sikubishana. Asubuhi yake nilijitwika kilo ishirini za pumba nikaenda kulitafuta hilo jirani, nikakanyaga papo hapo hesabu ya ngazi walizochora, maana daraja bado halijajengwa, nikavuka, nikarudi kwa upande wa pili mpaka mlangoni kwa msikiti wako. Saa nzima kasoro dakika chache, mahali ambapo wewe ulikuwa unavuka ukiwa bado unamalizia sentensi.

Nikawarudia nayo mkutanoni. Injinia akatabasamu. "Mama, watu watazoea."

"Watu wapi?" nikamuuliza. "Bibi wa miaka themanini anazoea ngazi lini, akifika tisini?"

Watu wakacheka. Yeye hakucheka. Nikaendelea: mimi sipingi treni. Ongezeni njia, ongezeni mabehewa, mkitaka wekeni na la kulala. Lakini hapa wekeni geti na mtu wa kulifunga treni ikija na kulifungua ikipita, au chimbeni njia chini ya reli. Ukanda wa nyuma ya kiwanja changu mnauhitaji, nami sijausaini na sitausaini mpaka kivuko kionekane kwenye ramani. Majirani wenye viwanja kando ya reli wakasema wanasubiri mkono wangu. Ndivyo nilivyopata uenyekiti, Baba Zuhura. Sikuuomba.

Wiki mbili baadaye nilikwenda Mkuu, kule Rombo, kwa mteja wa chakula cha mifugo. Niliporudi jioni nyumba ilikuwa na mwanga mwingi kuliko kawaida. Nilisimama jikoni nikijiuliza kimebadilika nini, kisha nikatazama dirishani. Ua wote haupo. Greda la kampuni lilikuwa limepita, watu wake wakisema wanasafisha vichaka.

Vichaka.

Nilitoka nikakaa juu ya lile rundo la majani. Saumu alikuja, dada yako mkali, akakaa pembeni yangu. Baadaye akasema, "Ndoo ile niliiosha mimi, unajua? Ulipoolewa mara ya pili na mtu yuleyule." Tukacheka, kisha hatukucheka tena.

Siku ya tatu kampuni ilimtuma kijana anayeitwa Prosper, wa kuongea na wananchi. Mtoto wa Rombo, mpole, viatu vinang'aa. Hakuja na bahasha wala na hotuba. Alikuja na mzee mmoja wa umri wa baba yangu, akasimama uani, akaniamkia shikamoo, akanyoosha mikono miwili. Mkononi ana jani la isale lililofungwa fundo.

 Saumu akaninong'oneza, "Usipokee. Ukipokea umeuza."

Nilikasirika, nakuambia ukweli. Nilikasirika kwamba wanaijua desturi yetu kiasi cha kuitumia, na hawakuijua kiasi cha kuuona ua. Lakini isale ni isale. Nikamkumbuka mama yangu juu ya kinu. Nikapokea kwa mikono miwili, nikashukuru kwa Kichagga, "Aika. Yameisha."

Prosper akashusha pumzi. Halafu, kijana wa watu, akatoa kalamu mfukoni.

"Hiyo ya nini?" nikamuuliza.

"Mama, si umesema yameisha?"

"Ya kukata masale yangu yameisha. Sina kinyongo na wewe wala na dereva wa greda, mkinikuta njiani tutasalimiana. Kivuko hakijaanza hata kuzungumzwa."

Yule mzee aliyemleta akakohoa. "Nilikuambia garini," akamwambia Prosper. "Isale linafuta hasira. Halinunui kiwanja."

Nikawaketisha, nikawapa chai. Nilimsimulia Prosper habari zako, mota, matope, na kondakta aliyekataa udongo. Alicheka mpaka akaweka kikombe chini. Kisha akauliza, taratibu, kama mtu anayetaka kujua kweli, "Na yeye, alipoleta hiyo ndoo, alipewa nini?"

"Alipewa mke."

"Na sisi?"

"Ninyi mmeleta jani, mwanangu. Ndoo bado."

Aliirudisha kalamu mfukoni. Alipoondoka alipitia pale kwenye kivuko, nikamwona amesimama kando ya reli muda mrefu, anatazama upande wa stesheni, kisha upande wa msikiti. Ameniahidi ataipeleka hoja ya geti kwa wakubwa wake. Huenda ataipeleka kweli. Wakubwa wake siwajui, kwa hiyo sihesabu kifaranga kwenye yai. Mkono wangu bado uko mfukoni, na ya majirani pia.

Lakini masale sikuyasubiri. Lile rundo nililikalia siku moja tu. Asubuhi iliyofuata nilichukua panga nikakata vikonyo kama ulivyopenda, urefu wa mkono, nikachomeka palepale kwenye mpaka na kuacha mlango katikati. Saumu akaja kuomba vyake. Jirani wa tatu akaja. Hata wale wa ng'ambo, watu wa Tanga na wa Singida ambao kwao isale ni ua la kupamba, wamechomeka mstari wao upande wa pili wa reli, wakaacha mlango ukiutazama wa kwetu. Juzi dereva wa greda alipita kwa mguu, akasimama. Kumbe naye mama yake ni wa Marangu. Alisema siku ile hakushuka kuangalia, aliambiwa tu vichaka. Sasa ameona kwa macho, na haya hayang'oi. Wamtafute mtu wa kwingine.

Unaniuliza niko upande gani, na mimi nimekuwa nikikuuliza wewe tangu mwanzo wa barua hii. Nadhani nimekumbuka jibu lako. Ulikuwa unasema "mgeni anapita," na huku kiganja chako kiko kwenye reli. Hukuwahi kuwarudisha watu nyumbani. Uliwaambia wangoje, kisha uliwavusha. Treni yako naipenda, mume wangu. Nimekataa tu isiwe yenyewe peke yake inayopita hapa.

Kesho nakwenda Arusha kuchukua vifaa vya mashine. Saumu anasema nipande basi, watu wasije wakanicheka. Nimekata tiketi ya treni. Nimeomba kiti cha dirishani, upande ule wako, na nitavaa ile kanga ya safari yetu ya kwanza, yenye doa la chai. Tukifika nyuma ya nyumba nitasimama. Vikonyo bado ni vifupi, abiria hawataona kitu zaidi ya vijiti vimechomekwa kwenye udongo mwekundu na uwazi katikati. Nitagonga kioo hata hivyo. Nitawaambia ni vya kwako.

Lala salama, mgeni ameshapita.

Mkeo, uliyemfuata Mwika kwa mguu,
Mama Zuhura