Mishipa ya Mama

Ikonge, 12 Agosti 1999

Kaka Anyona,

Huku mvua ni njema, na ndama uliyemwacha sasa ni fahali.

Januari uliandika kuhusu utafiti wenu huko Nairobi, kwamba hata mishipa ya damu ya mtu mzima hutegemea ujumbe wa kemikali kutoka kwa nyama jirani, na ukikatika, inanyauka. Nilimsomea Mama.

Sasa ugonjwa wa sukari umefanya vidole vyake vya mguu kuwa vyeusi. Daktari anataka kuvikata Jumatatu. Mama amekataa mpaka wewe, kifungua mimba wake, ukubali. Barua tatu hukujibu, hii anakuletea pasta mwenyewe.

Jana aliniuliza, "Bitutu, huyo anayejua mishipa hufa ikikosa ujumbe, anadhani mamake anaishi kwa kitu gani?"

Ndipo nikachukua kalamu.

Dada yako,
Bitutu