Wote Watano Hatua ya Kwanza

Alhamisi, 6 Machi 1997

Siku ya macho kwenye wadi ya watoto waliozaliwa kabla ya wakati. Watoto watano. Matone ya kufungua mboni saa tatu, saa tatu na robo, saa tatu na nusu. Daktari Mwiti amefika kutoka Meru saa nne na kitu, akavaa taa yake kichwani, akaanza. Mimi nashika vichwa. Kila mtoto dakika moja na nusu hivi. Kila faili: hatua ya kwanza. Wote watano.

Hata Muthoni, binti wa Wawira. Kilo moja na gramu mia alipozaliwa. Sasa ana wiki saba, na mwezi mzima alikuwa kwenye oksijeni. Wiki mbili zilizopita hatua ya kwanza, leo hatua ya kwanza. Nilimwona daktari akikunja uso, akiinama upande huu na ule, kisha akaandika haraka. Saa tano kasoro alikuwa barabarani anarudi Meru.

Nikammulika Muthoni kwa tochi. Mboni ikanywea palepale. Haikupaswa. Baada ya matone matatu inapaswa kubaki wazi kama kifungo. Wengine vilevile.

Daktari alichungulia kwenye tundu la sindano. Na bado akaandika namba.

Ijumaa, 7 Machi

Nimefungua daftari langu la kozi ya macho, penye ugonjwa wa retina, ule utando wa nyuma ya jicho, kwa watoto njiti. Hatua ya kwanza: mstari mwembamba pale mishipa ya damu ilipokomea, nyuma ya jicho. Ya pili: mstari umeinuka kama tuta. Ya tatu: mishipa mipya inaota juu ya tuta. Ya nne: retina inaanza kubanduka. Ya tano: imebanduka yote. Hapo ni giza.

Ya tatu ikikolea, mtoto apelekwe Nairobi ndani ya siku mbili tatu wamgandishe kingo za retina kwa baridi kali.

Yote huanzia pembeni. Kwa mboni iliyofumba, pembeni hapaonekani. Sasa ile hatua ya kwanza aliiona wapi?

Simwamini huyu daktari. Nafikiri anatupitia tu ili amalize.

Jumamosi, 8 Machi

Au ni matone.

Njiru wa famasi ndiye anayetugawia, kwenye vichupa vidogo. Leo nimekwenda kuchukua pamba. Dirisha lilikuwa nusu wazi. Amenipa mgongo, anamimina maji kutoka chupa ya dripu kwenye vile vichupa vyetu. Nimemwona kwa macho yangu. Aliponisikia akafunika kwa taulo.

"Sista Kanana, ungebisha kwanza."

Nikachukua pamba nikaondoka. Anaongeza maji, na yale yanayobaki anayapeleka wapi? Ana binamu mwenye duka la dawa kule Runyenjes. Kila mtu anajua.

Jumapili, 9 Machi

Kanisani sikusikia mahubiri. Njiru aliketi mbele, anaimba sauti ya nne kama malaika. Nilimchukia.

Baadaye wadini. Wawira amekuja kunyonyesha. Anaishi kwa dada yake hapa Embu tangu ajifungue, shamba lake la Karurumo analiangalia mama mkwe. Akaniuliza, "Sista, mbona hanitazami? Namwita na hageuki." Nikamjibu bado ni mdogo. Ni kweli. Lakini si kwa sababu hiyo nilimjibu.

Jumatatu, 10 Machi

Nimekwenda kwa metroni, mkuu wetu wa wauguzi, asubuhi kabla sijabadilisha nia. Nimemweleza yote: mboni, dirisha, taulo, binamu. Akamwita Njiru hapohapo. Nilifurahi. Naandika ukweli, nilifurahi.

Njiru alikuja na kitabu chake cha famasi. Hakukasirika. Akakifungua mbele ya metroni.

"Naweka maji, ndiyo. Nusu kwa nusu. Daktari Mwiti aliniandikia mwezi wa kwanza, kwa sababu yale ya watu wazima ni makali kwa hawa watoto. Soma hapa."

Mwandiko wa daktari, na sahihi. Mwezi wa kwanza nilikuwa Muthara, kumzika baba.

"Na taulo?" nikauliza.

"Vumbi, Sista. Dirisha lilikuwa wazi."

Metroni akanigeukia. "Na wewe, ukipokea kichupa, unafanya nini?"

Ninaongeza maji. Nusu kwa nusu, kama nilivyofundishwa kwenye kozi. Kila mara tangu nirudi likizo. Kichupa hakikuandikwa kitu zaidi ya jina la dawa, nami sikuuliza.

Robo ya nguvu. Na macho meusi haya hata dawa kamili huyafungua kwa shida.

Metroni alipiga simu Meru. Nilibaki nimesimama katikati ya ofisi.

Jumanne, 11 Machi

Daktari amekuja kabla ya saa mbili. Matone ya Njiru, bila maji yangu. Mboni zimefunguka wazi.

Watatu hatua ya kwanza kweli. Mmoja ya pili.

Muthoni: jicho la kulia hatua ya tatu, mishipa imevimba na kujipinda. La kushoto, ya nne. Daktari alirudia la kushoto mara tatu. Akavua taa, akaketi kwenye kiti cha akina mama.

"Alhamisi sikuona pembeni," alisema. "Nilipaswa kuandika sikuona. Nikaandika namba."

Namba ni yake, maji ni yangu.

Gari la hospitali limeondoka saa nne, Wawira amemfunga Muthoni kifuani, ndani ya sweta.

Jumamosi, 15 Machi

Simu kutoka Nairobi. La kulia limegandishwa, wana matumaini. La kushoto wameliacha, haliokoleki tena.

Njiru nimemwomba msamaha famasini, mbele ya watu, maana nilimchafua mbele ya metroni. Akasema, "Sawa." Sasa kila kichupa kina karatasi: kimeongezwa maji, usiongeze.

Alhamisi, 20 Machi

Wawira amerudi. Metroni alisema aachiwe yeye amweleze. Nilikataa.

Nilimwambia kwa Kiswahili, maana Kiembu changu ni cha sokoni na nilitaka asikose hata neno. Nikamwambia mimi ndiye niliyeongeza maji mara ya pili, na kwamba daktari aliandika asichokiona. Zaidi ya wiki mbili za kumtibu zilipotea.

Alimfunika mtoto vizuri kitandani.

"Ungeuliza tu," alisema. "Kuuliza ni ngumu?"

Akamchukua mtoto akatoka.

Jumatano, 16 Aprili

Mvua tangu asubuhi. Wawira amekuja kupima uzito, viatu vimejaa matope ya Karurumo. Muthoni kilo mbili na nusu. Jicho la kulia limetulia. Daktari ameandika, na pale asipoona vizuri ameandika hivyo.

Foleni ilikuwa ndefu. Wawira alikaa mwisho wa benchi, mbali nami. Baadaye akasimama, akasema anaenda kantini kunywa chai, baridi imemwingia.

Akamweka Muthoni mapajani mwangu.

"Mshike vizuri shingo."

Nilimshika. Muthoni alitazama dirisha kidogo, kisha akalala.